Mchezo wa Fagio: Tujaribu Kerlingi juu ya Simenti

Juma lililopita tuliongea juu ya maji ya kunywa na tumbo la watoto. Juma hili tunaomba ruhusa tuongee juu ya mchezo. Msicheke kwanza. Mama naye ni mtu, na mtu anahitaji kucheza.

Mambo yalianza kwa jirani. Jioni moja umeme ulikuwepo, tukaenda kwake kuomba makala ya moto, tukakuta watoto wamejaa mbele ya televizio. Walikuwa wanaangalia wanawake wanne juu ya barafu. Mmoja amepiga goti, anasukuma jiwe kubwa la mviringo lenye mkono juu kama birika. Wawili wanakwenda mbio mbele ya jiwe hilo huku wakifagia kwa nguvu zote. Wa nne amesimama kule mwisho, anapiga kelele kama mama anayeita watoto waje kula bukari. Binti wa jirani, yuko kalasi ya nne, akatuuliza: "Mwalimu, ile nyumba yao ni chafu hivyo?" Tulicheka mpaka tukasahau makala.

Mchezo huo unaitwa kerlingi. Tuliutafuta, tukausoma, kisha tukaujaribu na wamama wa likelemba yetu katika ukumbi wa shule. Sasa ni mwezi wa tatu tunacheza kila Jumamosi. Tunawaandikia ili kikundi kingine kikitaka kuanza, kisipitie makosa tuliyopitia sisi.

Ni mchezo gani?

Kerlingi ilizaliwa Uskoti, nchi ya baridi, watu walipokuwa wanasukuma mawe juu ya maziwa yaliyoganda. Kuna jiwe la zamani lililookotwa kule, limechongwa mwaka 1511. Leo mawe yanachongwa kwa itale, jiwe gumu sana, na itale inayosifiwa zaidi inatoka kwenye kisiwa kidogo cha Uskoti kiitwacho Ailsa Craig. Jiwe moja lina uzito wa karibu kilo 20. Sisi watu wa Lubudi tunaelewa haraka: si nusu ya mfuko wa saruji.

Njia ya barafu ina urefu wa karibu metre 45. Kule mwisho wamechora mizunguko, mmoja ndani ya mwingine. Mzunguko mkubwa una upana wa metre 3 na sentimetre 66. Na sikilizeni jina lake: wanauita nyumba. Kazi yote ni kuingiza jiwe lako ndani ya nyumba na kulifikisha karibu na katikati kuliko jiwe la wenzako.

Kila timu ina watu 4. Kila mtu anasukuma mawe 2, kwa zamu: mmoja wetu, mmoja wao, mmoja wetu, mmoja wao. Mawe 16 yakiisha, wanahesabu. Timu moja tu ndiyo inapata. Wanaangalia jiwe lililo karibu zaidi na katikati ni la nani. Kama ni letu, tunahesabu mawe yetu yote yaliyo ndani ya nyumba na yaliyo karibu kuliko jiwe lao bora. Wao wanapata sufuri. Kisha raundi inaanza upya.

Jiwe la mwisho la raundi wanaliita nyundo. Mwenye nyundo ana bahati kubwa, kwa sababu anasema neno la mwisho. Lakini mchezo una haki yake: ukipata pointi, raundi inayofuata nyundo inakwenda kwa yule aliyekosa.

Na fagio? Wanaofagia hawaondoi uchafu. Ufagio ukisugua barafu, uso wake unapata joto kidogo, jiwe linateleza vizuri, linafika mbali zaidi na linakwenda wima zaidi. Mwenzao aliye mwisho anaona njia yote, ndiye anayewaambia: fagieni, au acheni. Kwa hiyo jiwe limeshatoka mkononi mwa mmoja, lakini wengine bado wanaweza kulisaidia. Sisi tuliposoma hapo tulifikiria namna tunavyolea watoto: mmoja anazaa, wengi wanasukuma njia.

Ni mchezo wa nani?

Mtu atasema: huo ni mchezo wa wazungu wenye barafu na pesa. Ni kweli ulianzia huko. Lakini angalieni waliousimamisha.

Mwaka 2002, kwenye Michezo ya Olimpiki ya baridi kule Salt Lake City, Marekani, wanawake wa Uingereza walishinda Uswisi kwa jiwe la mwisho kabisa, wakapata dhahabu. Aliyesukuma jiwe hilo ni Rhona Martin, mama wa watoto wawili. Mwaka 2022 kule Beijing, Uingereza ilipata tena dhahabu ya wanawake, na mmoja wa wale waliofagia, Vicky Wright, ni muuguzi.

Hadithi tunayoipenda zaidi ni ya Korea Kusini. Kuna mji mdogo huko, Uiseong, unaojulikana kwa vitunguu saumu. Mwaka 2006 walijenga hapo kituo cha kerlingi. Wasichana wa shule ya mji ule wakaanza kucheza kama burudani tu. Mmoja aliujua katika somo la mazoezi ya mwili, akamvuta rafiki yake. Mdogo wa huyo rafiki alikuja siku moja kumletea dada yake kitu uwanjani, akabaki akicheza. Walipohitaji mwingine, wakaandika ubaoni darasani, na mwanafunzi mwenzao akajitoa. Wote wana jina la ukoo moja, Kim. Mwaka 2018, kwenye Olimpiki ya Pyeongchang katika nchi yao, wasichana hao wa mji wa vitunguu walifika mpaka fainali. Walishindwa na Uswidi, wakachukua fedha. Nahodha wao alikuwa anamwita mwenzake anayefagia, "Yeong-mi! Yeong-mi!", mpaka nchi nzima ikalijua jina hilo.

Na Afrika ipo. Nigeria iliingia katika shirikisho la kerlingi la dunia mwaka 2018. Mwaka uliofuata, mwanamume na mwanamke wa Nigeria walicheza mashindano ya dunia ya watu wawili wawili kule Stavanger, Norwe, wakawashinda Wafaransa. Kenya nayo, ndugu zetu wa Kiswahili, ilipeleka timu kule Kelowna, Kanada, mwaka 2023, na wanawake walikuwemo.

Hatusemi kwamba Lubudi itakwenda Olimpiki. Tunasema tu kwamba wengi walianza kama sisi: rafiki anamvuta rafiki, jina linaandikwa ubaoni.

Namna tulivyoanza, na makosa yetu

Barafu hatuna. Lakini mji wetu ni mji wa saruji, na simenti iliyolainishwa vizuri inateleza. Tulimwomba direkta wetu ukumbi wa shule kwa Jumamosi, baada ya saa nane. Alikubali, akatuonya juu ya sakafu.

Kosa la kwanza: tulitumia makopo ya maziwa yaliyojazwa mchanga. Yalikwaruza sakafu, yakapiga kelele kama gari-moshi linaloingia stesheni. Direkta alikuja, akaangalia, akanyamaza. Tuliacha siku ileile.

Kosa la pili: tulimwaga maji ya sabuni ili vitu viteleze. Viliteleza kweli. Mama mmoja naye aliteleza, akaangukia kiuno, akakaa siku nne bila kuteka maji. Tulikwenda kumfulia nguo na kumwomba msamaha. Wamama, maji ya sabuni hapana. Msijaribu.

Jambo lililofaulu ni hili: vifuniko vya plastiki vya ndoo kubwa, zile ndoo za rangi za litre 20. Waulizeni mafundi wanaopaka rangi nyumba, watawapa bure au kwa pesa kidogo. Geuza kifuniko, weka juu yake mfuko mdogo wa mchanga wa karibu kilo moja, uufunge vizuri kwa kamba au skochi usimwagike. Chini ya kifuniko sugua mshumaa. Mshumaa mmoja unafanya kazi mwezi mzima.

Mnahitaji vifuniko 8, vinne vya timu moja na vinne vya nyingine. Vya timu moja vifungieni kitambaa cha rangi moja, vipande vya kitenge vinatosha. Ongezeni fagio mbili, chaki na kamba. Hivyo tu.

Kuchora nyumba

Hapa tunawaomba wamama wenye watoto wa kalasi ya tano na ya sita wawaite watoto wachore. Ni somo la jometria bila daftari. Mtoto mmoja anashika mwisho wa kamba katikati, mwingine anafunga chaki upande wa pili na kuzunguka. Mzunguko wa kwanza, kamba ya sentimetre 20. Wa pili, sentimetre 60. Wa tatu, metre moja. Nyumba imekwisha.

Kutoka katikati ya nyumba pimeni metre 9 au 10, mchore mstari. Hapo ndipo mtu anaposimama kusukuma. Mchore mstari mwingine metre 3 mbele ya katikati ya nyumba. Kifuniko kisichovuka mstari huo kinaondolewa. Kilichopita nyumba yote kinaondolewa vilevile.

Kabla ya kuanza, fagieni njia yote. Punje moja ya mchanga inasimamisha kifuniko. Kwa sababu hiyo fagio zetu zina kazi ya kweli: wawili wanatembea mbele ya kifuniko, wanafagia vumbi, na kifuniko kinafika mbele zaidi. Hatupashi joto la barafu, lakini tofauti inaonekana. Jaribuni mara moja mkifagia na mara moja bila kufagia, mtaona wenyewe.

Kusukuma

Mwanzoni kila mtu anarusha. Hapana. Hii si kutupa taka. Piga goti au chuchumaa, weka mkono juu ya mfuko wa mchanga, rudisha kidogo nyuma, kisha sukuma kwa ulaini na uachie. Mkono ubaki umenyooka ukielekea unapotaka kifuniko kiende. Nguvu nyingi ni adui. Wamama waliozoea kutwanga wanasukuma kwa nguvu mno juma la kwanza. Kufikia juma la tatu wamejifunza.

Kuna njia tatu za kutumia kifuniko chako. Ya kwanza ni kukiingiza katikati. Ya pili ni kukiacha mbele ya nyumba kama mlinzi, ili adui asipate njia ya kugonga kilicho ndani. Ya tatu ni kugonga cha wenzako kitoke. Anayeanza ajifunze ya kwanza tu kwa majuma mawili. Halafu mlinzi. Kugonga kuje mwisho, maana kila mtu anapenda kugonga, na mchezo unageuka vita.

Sisi tunacheza watu wanne kila timu, kila mtu kifuniko kimoja. Raundi 6 zinakwisha kwa saa moja hivi. Saa moja, wamama. Sufuria ya maharagwe bado iko motoni, jirani anaiangalia.

Mwenye magoti mabaya asiache. Wenye ulemavu wanaocheza kerlingi kwenye viti vya magurudumu wamo katika Michezo ya Paralimpiki tangu 2006, na wanaruhusiwa kusukuma jiwe kwa fimbo ndefu bila kuinama. Tulichukua wazo hilo. Tuna nkambo mmoja mwenye zaidi ya miaka sitini anayesukuma kwa mpini wa ufagio akiwa amesimama, na ndiye anayetushinda mara nyingi, kwa sababu hana haraka. Wenye mimba wasifagie wala wasichuchumae sana. Wakae mwisho wa njia, waongoze timu kwa sauti. Sauti hawakosi.

Sheria isiyo na mwamuzi

Sasa tunafika mahali palipotusumbua.

Katika kerlingi, kabla ya kucheza watu wanashikana mikono, wakimaliza wanashikana tena. Desturi ya zamani ni kwamba mshindi anamnunulia mshindwa kinywaji. Sisi tunafanya hivyo kwa munkoyo: timu iliyoshinda inaleta munkoyo Jumamosi inayofuata. Na kuna desturi nyingine, kubwa kuliko hizo. Ukigusa jiwe linalotembea, kwa mguu au kwa ufagio, unasema mwenyewe. Hata kama hakuna aliyeona. Hawangoji filimbi. Mchezaji anasema, "Nimegusa."

Tuliwafundisha wamama sheria hiyo siku ya kwanza. Tuliifundisha vizuri, kwa sauti ya ualimu.

Jumamosi ya tano, pointi zilikuwa sawa, raundi ya mwisho. Sisi tunaoandika hapa tulikuwa tunafagia mbele ya kifuniko cha nkambo. Ncha ya ufagio wetu ikakigusa. Kidogo tu. Kikageuka kidogo, kikaingia katikati, wote wakapiga vigelegele. Tulishinda. Hatukusema kitu. Tulishikana mikono na wale tulioshinda, tukaenda nyumbani.

Usiku, mtoto wetu wa miaka minane, aliyekuwa amekaa ukutani akiangalia, akatuuliza wakati wa kulala: "Mama, ule ufagio haukugusa?"

Mwalimu anayewaambia watoto wa watu kila siku "usidanganye" alinyamaza kitandani. Tulimwambia alale. Yeye akalala, sisi hatukulala.

Mnapaswa kujua hali ya kikundi chetu wakati ule. Likelemba yetu ilikuwa na wamama 14. Miezi kadhaa kabla ya kerlingi, ilifika zamu ya mama mmoja, na pesa hazikutimia. Zilipungua faranga 25 000. Kila mmoja alisema ametoa yake. Aliyeshika kisanduku alisema ndizo hizo zilizofika. Hakuna aliyeshtakiwa mbele ya watu, lakini kila mtu aliongea nyuma ya mlango. Watano walitoka. Tulibaki 9, na kati ya hao 9 wawili hawakuwa wanasalimiana. Kusema kweli, tulileta mchezo huu kwa sababu hiyo pia. Tulifikiri watu wakicheka pamoja, neno litasahaulika.

Jumamosi iliyofuata, kabla ya kuanza, tulisimama mbele ya wote tukasema: "Juma lililopita tuligusa kifuniko. Tuliona, tukanyamaza. Ushindi haukuwa wetu." Miguu ilikuwa inatetemeka, kwa jambo la kifuniko cha ndoo!

Kwanza walicheka. Nkambo akasema, "Basi munkoyo ni ninyi mtakunywa, na ninyi mtalipa." Halafu mama mmoja, bila kucheka, akasema: "Mwalimu amesema jambo la kifuniko. Jambo la faranga litasemwa na nani?"

Ukumbi ukawa kimya. Tulisikia watoto wakicheza nje chini ya mwembe. Hakuna aliyejibu. Tulicheza siku ile, lakini vibaya, hakuna aliyepiga kelele.

Siku tatu zilipita. Mama aliyekuwa anashika kisanduku akaja kwetu usiku na daftari. Mdogo wake alikuwa anazaa, uzazi ulikuwa mgumu, hospitali ilitaka pesa kabla ya kumpokea. Alichukua 25 000 akifikiri atarudisha kabla ya siku ya zamu. Hakuweza. Akaogopa kusema siku ya kwanza, na kila siku iliyofuata ikawa ngumu kuliko ya jana. Mtoto yu hai, mama yake yu hai. Alilia. Tulimwambia asituambie sisi, awaambie wote.

Aliwaambia. Hatutaki kuwadanganya kwamba yote yalikwisha vizuri. Analipa 5 000 kila mwezi, na amelipa mara mbili. Kisanduku sasa kina funguo mbili kwa watu wawili, na daftari linasomwa kwa sauti kila Jumamosi kabla ya mchezo. Watatu kati ya watano waliotoka wamerudi. Wawili bado. Mmoja wao tukikutana sokoni anapita upande mwingine. Tunamwelewa. Alitiliwa shaka bure kwa miezi, na hakuna raundi inayorudisha miezi hiyo.

Wale wasichana wa vitunguu

Hatukuwamalizia hadithi ya Uiseong. Mwishoni mwa 2018, miezi michache baada ya medali, wale wasichana watano walisema mbele ya nchi yao kwamba viongozi wao waliwatukana na hawakuwapa pesa zao za zawadi. Ilikuwa hatari kwao. Waliokuwa wanawalalamikia ndio waliowafundisha na kuwashikia kila kitu. Mwezi wa pili 2019 serikali ilitangaza matokeo ya uchunguzi: walisema kweli. Hawakuacha mchezo. Walirudi, wakacheza Olimpiki ya Beijing 2022, na mwaka huohuo wakapata medali ya fedha ya mashindano ya dunia.

Kwa hiyo tusidhani mchezo wenyewe unawafanya watu wema. Barafu ileile ina watu wa kweli na watu wa uongo. Mchezo unakuzoeza tu kusema "nimegusa" katika jambo dogo, ili siku ya jambo kubwa mdomo usiwe umefungwa kabisa. Na daftari lisomwe kwa sauti. Vyote viwili vinahitajika.

Maneno ya nyumbani

Tunajua maswali yanayokuja. Bwana atasema: "Umefagia nyumba asubuhi, unakwenda kufagia tena mchana bila mshahara?" Mkaribishe Jumamosi moja aje aone. Kwetu mabwana watatu walikuja kucheka. Wawili waliomba kujaribu, na kifuniko cha mmoja hakikuvuka hata mstari. Sasa anatuchongea mpini wa fimbo ya nkambo.

Mwingine atasema mama hana muda. Ni kweli, muda hautoshi. Kuna maji, soko, shamba, wagonjwa, ibada. Lakini tumeona kwamba wakati wa kusengenya ulikuwa unapatikana. Tulichukua saa moja kutoka hapo.

Mwingine ataogopa kuchekwa. Utachekwa. Sisi tumechekwa na kalasi nzima Jumatatu asubuhi. Baadaye kalasi hiyohiyo ilituomba iwachoree nyumba uani wakati wa mapumziko. Uani kuna mavumbi, vifuniko haviteleze, kwa hiyo tumewaahidi ukumbi wakati wa kipwa, mitihani ikiisha.

Kikundi chochote cha Lubudi kinachotaka kuona, kije Jumamosi saa nane na nusu, ukumbi wa shule. Njoni na vitambaa vya kichwa vilivyofungwa vizuri na miguu mitupu, maana viatu vyenye visigino vinaharibu sakafu na direkta anatuangalia. Vifuniko vipo, fagio zipo. Kama mna fagio zenu mlizozoea, zileteni.

Na wale wawili ambao hawajarudi, kama karatasi hii imewafikia: timu moja inacheza na watu watatu badala ya wanne. Nkambo anasukuma mara mbili, na anasema mkono umeanza kuchoka. Vifuniko vyenu viwili tumevifunga kitambaa cha kijani. Hakuna anayevitumia.

Mungu awalinde. Juma lijalo tutaongea juu ya vitabu vya watoto wanaoanza kusoma.